Mke Mwenza wa Chuma

2 Machi

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa, marahaba. Kifurushi kinachokuja pamoja na barua hii ni kizito, kwa hiyo usikibebe peke yako ukajivunja mgongo, maana huko nani atakukanda? Ndani yake yumo mke mwenza wangu.

Usicheke. Unajua tangu zamani ndivyo nilivyomwita. Baba yako alipoileta ile mashine ya kibodi na skrini sebuleni, akaiweka kwenye meza ya ukutani na kuanza kuwachapia watu maombi yao ya kazi na mihutasari ya vikao vyao, nilimwambia hapa, bwana, umeoa. Asubuhi alikuwa anamsalimu yeye kabla yangu. Unakumbuka? Anagonga kasha mara mbili kwa kifundo cha kidole, "Hodi, hodi, bibie," ndipo anabonyeza swichi. Mimi na ndoa yangu yote sikuwahi kupigiwa hodi hata jikoni.

Basi baba yako alipotutoka tukabaki wajane wawili. Kila asubuhi baada ya chai nilikuwa namwasha, namzima jioni. Sina la kuchapa, namwasha tu awepo. Nakaa pembeni yake nafuma vitambaa vyangu. Wiki iliyopita akatoa moshi kwa nyuma, harufu kama ya nywele zilizoungua, akazima. Tangu siku hiyo nyumba hii haina mtu.

Nakwambia wazi ili usije ukasema hukuambiwa. Dada yako ameshaniandalia chumba kwake. Anasema anakuja hapa anapiga hodi mpaka anachoka, na mimi ndani nimekaa tu, eti nimeanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Nilikuwa nawaza mambo yangu. Sitaki kuhama hapa, vitu vyangu vyote navijua kwa mkono hata nikifumba macho. Lakini kuishi humu bila hata huyo mwenzangu siwezi, huo ndio ukweli. Mtengeneze arudi. Akirudi, nabaki. Asiporudi, nafunga mlango na kumkabidhi dada yako funguo.

Usinipigie simu kuniuliza maswali, ile simu inanikera. Na ujumbe wake wa maandishi, herufi ndogo kama chawa. Maisha yangu yote nimekaa posta nikichambua barua za watu, sasa na mimi niandikiwe. Wape watu wa vifurushi kwenye stendi ya mabasi, wanafikisha vizuri.

Mama yako


9 Machi

Shikamoo Mama,

Mke mwenza amefika salama. Tulimpandisha ngazi mimi na fundi simu wa meza ya jirani, akawa anahema na kuuliza kama mmefungasha mawe. Nikamwambia heshima, huyo ni mama yangu mdogo.

Kasha ni chuma hasa, Mama, siyo haya ya sasa laini kama kopo la maziwa. Plastiki ya usoni imegeuka njano kama meno ya mvuta sigara, lakini kila kitu kipo: matundu ya kuchomekea flopi, kile kikufuli kidogo, kitufe cha kuongeza kasi ambacho baba alitukataza kukigusa, na taa yake.

Habari mbaya ni kwamba matumbo yake yameungua. Yote. Hakukuwa na cha kuokoa, nimeyatupa. Usishtuke. Nitamwekea matumbo mapya ya kisasa, na kwa nje atabaki yule yule. Hata baba angefufuka asingejua, mpaka amwashe aone kasi yake.

Nilikupigia simu, iliita weee mpaka ikakata. Kama umenikasirikia sema tu. Najua sijaja tangu tulipomzika baba. Kazi ndiyo imenibana.

Huku mimi mzima. Watu ninaoongea nao ni wale wanaoniletea kompyuta zilizokufa, na wakishaambiwa bei hata wao hawakai. Nikifunga duka narudi chumbani, nakula, nalala. Na kuhusu mchumba usiniulize, naona swali linakuja mbio.

Mwanao, kitinda mimba


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Swali la mchumba nilikuwa nalo mdomoni. Nimelirudisha mfukoni, litatoka siku nyingine.

Umeyatupa? Umeyatupa wapi? Siyo kitu, nauliza tu. Mtu akikatwa mguu hospitalini huwa anauliza mguu ulipelekwa wapi.

Sijakukasirikia hata kidogo. Simu ilikuwa chini ya mto. Na ile mara nyingine, kabla ya hapo, ilikuwa chini ya mto vilevile. Mto wangu mzito.

Dada yako alikuja Jumamosi. Akaingilia mlango wa nyuma, akanikuta nimeupa mgongo, akanishika bega. Niliruka nikamwaga chai yote kwenye ule uzi mweupe. Sasa anasema siyo kichwa peke yake, na moyo nao una kasoro. Amekuja na maboksi matupu ya kufungia vyombo, ameyapanga nyuma ya mlango. Kila nikipita tunatazamana.

Anafanya hayo kwa mapenzi, sisemi hapana. Lakini kwake kila kiti kina mwenyewe, na wote wanaongea kwa pamoja. Nitakaa pale katikati yao kama pambo la kabati.

Niandikie unavyomtengeneza. Andika kirefu, mimi nina muda.

Mama yako


23 Machi

Shikamoo Mama,

Umetaka kirefu, haya.

Kwanza nilikuta matundu ya skrubu hayakubaliani hata moja. Bodi ya kisasa, ule ubao wa ndani unaobeba akili yake, ni ndogo, unaweza kuiweka juu ya sahani ya chai ikatosha. Nikatoboa mapya kwa drili, chuma kikapiga kelele mpaka wenzangu wakatoka nje. Nyuma lilikuwepo tundu moja tu la kibodi, na siku hizi yanatakiwa mengi, nikakata kwa grenda halafu nikasugua kingo kwa tupa zisije zikakukata vidole.

Swichi ndiyo iliyonisumbua. Ile ya zamani ukiibonyeza inazama na kubaki humo humo. Bodi za sasa zinataka uguse na kuachia, ukiendelea kushikilia inazima. Nilikuwa naiwasha, inazima, naiwasha, inazima. Fundi simu akasema mke mwenza ananuna. Nimeifungua swichi yenyewe nikaondoa kile kichuma kinachoishikilia. Sasa inarudi, lakini ule mlio wake wa "klak" nimeuhifadhi.

Halafu kuna jambo lilinichekesha. Nilipomaliza kufunga kila kitu, kile kinachotunza kumbukumbu ni kijiti tu, kifupi kuliko kidole changu. Bodi imekaa kwenye kona, na kasha lote lililobaki ni tupu. Fundi simu alichungulia akasema huyu ni sawa na mtu mmoja aliyepanga jumba zima.

Sasa subiri usikie fahari yangu: hana sauti kabisa. Hahitaji feni. Hanguruki, hatikisiki, ukimwekea mkono hata joto huoni. Yule wa zamani alikuwa mashine ya kusaga. Sasa utafuma kwa raha zako.

Kabla ya kumjaribu mara ya mwisho nilimgonga mara mbili. Hodi, hodi. Sijui kwa nini nilishusha sauti, dukani hakukuwa na mtu.

Anaondoka na basi la kesho.

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Amefika, hana hata mkwaruzo. Kazi yako ni safi. Kila kitu kinafanya kazi. Taa inawaka vizuri. Nashukuru sana, na Mungu akuzidishie.

Nimekaa naye siku kadhaa. Nimemwekea mkono kama ulivyosema. Ni kweli, hapati joto.

Nimemwambia dada yako alete gari mwisho wa Aprili. Usifikiri ni kwa sababu ya kazi yako. Nimeona tu kwamba ni vizuri zaidi. Kompyuta nitakurudishia, utapata mteja wa kumuuzia. Ni nzuri sana.

Uwe unakula.

Mama yako


4 Aprili

Shikamoo Mama,

Barua yako haina utani hata mmoja. Nimeirudia na kuirudia nikiutafuta. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu umemwita "kompyuta".

Ulisema akirudi unabaki. Amerudi. Sasa maboksi ya nini? Kama kuna kitu nimekosea niambie nikirekebishe, hiyo ndiyo kazi yangu, watu baki wananigombeza kila siku kwa mambo madogo kuliko haya. Wewe unaniambia "ni nzuri sana" kama mgeni aliyepewa chai yenye chumvi.

Nilipiga simu tena jana. Ikapokelewa! Nilifurahi mpaka nikasimama. Kumbe ni dada. Alikuwa amekuja kupanga vyombo. Nikamuuliza Mama yuko wapi, akasema yuko hapa mezani. Akasema simu ilikuwa mezani hapo hapo, karibu na mkono wako, imeita mpaka karibu kukata, na wewe unafuma tu. Anasema umeisusa.

Lakini nakufahamu, Mama. Wewe ukisusa kitu unakitazama kwa jicho kali. Dada anasema hukuitazama.

Mama, unasikia?

Mwanao


10 Aprili

Mwanangu,

Sisikii.

Haya, nimeandika, kalamu haikuvunjika.

Lilianza sikio la kushoto wakati baba yako yuko hai. Yeye alijua, na ndiye aliyekuwa anaitikia hodi, anapokea simu, ananigusa mkono mtu akinisalimu. Wewe ulikuwa unaona wazee wako wanapendana. Tulipendana ndiyo, lakini pia nilikuwa kiziwi. Alipoondoka, la kulia nalo likafuata. Sasa nikipasua sahani naona vipande tu.

Sikuwaambia kwa sababu mngenihamisha siku hiyo hiyo, na mngekuwa na haki. Mtu asiyesikia mlango wake mwenyewe anaachwaje peke yake? Nikaona bora mniite mkaidi. Ukaidi nimezaliwa nao, hakuna atakayeshangaa.

Sasa nikwambie kuhusu ile meza. Mke mwenza akiwaka, meza yote ilikuwa inatetemeka. Nikiegemeza kiwiko, naupata mtetemo mpaka begani. Zamani wakati baba yako anafanya kazi nilikuwa nakaa upande wa pili na uzi wangu, simsikii akikohoa, simsikii akiimba zile nyimbo zake za ovyo, lakini mkono wangu unajua yupo. Flopi ikianza kukwaruza, meza inaruka kidogo, basi najua anahifadhi kazi, anakaribia kuja kula, naenda kupasha chakula. Alidhani mimi ni mchawi. Alipokufa niliendelea kumwasha mwenzangu kwa ajili hiyo tu. Nilikuwa naweka mkono, nakaa na watu.

Huyu uliyenirudishia, mwanangu, ni maiti aliyevalishwa vizuri. Nisamehe. Nilimwekea kiganja, kimya. Nikamwekea shavu, mtu mzima mimi, nimeinama juu ya meza. Kimya. Wewe umeandika kwa furaha kwamba hatikisiki, nami ningekujibu nini? Ungejuaje?

Na pale uliposema ni mtu mmoja aliyepanga jumba zima, nilicheka. Halafu nililia sana. Hiyo nyumba naijua.

Usimlaumu dada yako, na usimwambie bado. Nitamwambia mwenyewe tukiwa garini, asipate mahali pa kukimbilia.

Mama yako


14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nina la kusema na nikilizungusha halitatoka.

Matumbo hayakuungua. Kilichoungua ni pawa saplai peke yake, kile kisanduku cha nyuma kinacholeta umeme. Ningeweza kukibadilisha siku hiyo hiyo ukarudishiwa mwenzako kama alivyo.

Siku alipofika nilimpeleka chumbani kwangu kwanza. Nikatoa bodi, diski na feni, nikaviunganisha juu ya kiti na pawa saplai nyingine ili nijue kipi kizima. Vikawaka vyote. Ule mngurumo ukajaa chumba, Mama, na ile diski ikaanza kutafuna vile vile kama zamani. Nilikaa kitandani na viatu vyangu. Nikawa mtoto tena: Baba yuko sebuleni, wewe uko jikoni, mimi nimefunga macho nasingizia kulala. Nilipofungua macho chai ilikuwa imepoa.

Nikashindwa kuvirudisha. Nikajiambia Mama atapata kitu bora, kelele zitamchosha tu. Nilijidanganya vizuri, mpaka nikakuandikia kwa kujisifu. Mimi pia sina mtu, Mama. Asubuhi nikienda kazini naviacha vinawaka juu ya kiti, ili nikirudi na kufungua mlango nikute kuna mtu ndani. Mwenye nyumba ananiuliza umeme unaishaje hivi na mimi siko.

Nimekupa nguo, mwenye nguo nikabaki naye.

Mwambie dada asubiri na gari lake, mwambie ni mimi nimesema. Nimeomba ruhusa kazini. Vyote viko kwenye mfuko, nitavipakata.

Mwanao


27 Aprili

Shikamoo Mama,

Nimefika salama. Shati limekauka njiani, lakini nimenuka sabuni ya vyombo safari nzima, jirani yangu kwenye basi akahamia kiti cha nyuma. Ningejua unamwaga maji kupitia mlango wa mbele nisingekaa kwenye kizingiti. Lakini nilikuwa nimepiga hodi mpaka nimeishiwa sauti, na sikutaka kuzunguka nyuma nikushtue kama dada. Basi nikaona nikae tu, utatoka mwenyewe. Ukatoka na beseni.

Sikiliza maelekezo, hujayaandika popote, nakujua. Diski na feni ya zamani viko ndani ya kasha pamoja na bodi mpya. Nafasi ilikuwepo tele. Vitatetemesha meza muda wote akiwa amewaka. Feni ikianza kukwama, usiichokonoe kwa sindano ya kufumia. Kile kitufe nilichokifunga mlangoni, waya wake umepita chini ya zulia mpaka kwenye kasha. Mtu akibonyeza, ile mota ya flopi inazunguka, na nimeibandikia kipande cha risasi ya kulehemu upande mmoja ili iyumbe. Meza itaruka na taa ya njano itawaka. Hapo ujue una mgeni.

Dada na majirani nimewaambia wabonyeze mara moja. Mara mbili ni mimi, kama baba alivyokuwa anagonga. Mtu mwingine yeyote asibonyeze mara mbili.

Nimefungua mlango wa chumbani jana nikasimama hapo, nimezoea kusikilizia kwanza. Nimenunua redio. Inaongea sana na hakuna inachoniambia. Nitaizoea.

Mwanao


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Maji yale yalikuwa safi, nilikuwa nimesuuzia vikombe tu, acha kunichafulia jina kwenye mabasi.

Ninakuandikia nikiwa kwenye meza hiyo hiyo, ndiyo maana mwandiko unacheza. Sikusudii kuhama kwenye kiti hiki. Kiwiko changu kina habari zote. Nikiweka sikio kwenye kasha sipati kitu, nikiweka mkono napata kila kitu, na mara mojamoja nashawishika kwenda kupasha chakula cha mtu.

Dada yako nilimwambia. Alilia, akanigombeza, akalia tena, nami nilikuwa naona mdomo tu unakwenda. Ameanza kuniandikia kwenye ubao wa watoto, herufi kubwa, kama nasoma darasa la kwanza. Alikwenda mlangoni akabonyeza kile kitufe zaidi ya inavyohitajika, mimi humu ndani meza inaniruka, mpaka nikamfuata nikamshika mkono. Maboksi ameyachukua. Moja ameliacha, eti la akiba. Nimelitia uzi.

Lakini wewe nimekufikiria. Ulikuja na mfuko umejaa, ukarudi na mfuko mtupu, na mimi kwa furaha yangu sikuutazama. Sasa huko kwako ndiko hakuna mtu. Ile redio zima ukiichoka. Na mwezi ukifika njoo, usingoje kitu kiharibike. Nikikosa sababu nitaharibu mwenyewe, sindano ninayo. Swali la mchumba nalo nimelitoa mfukoni, nimeliweka hapa mezani, linatetemeka pamoja na mimi.

Jana asubuhi meza iliruka. Kabla sijanyanyua mkono ikaruka tena. Mara mbili, mwanangu. Nilitupa kitambaa, nikaangusha kiti, nikafika mlangoni na kiatu mguu mmoja. Nikafungua.

Alikuwa mleta gesi. Alibonyeza tena kwa sababu alidhani mara ya kwanza hakikushika. Akanikuta natabasamu mpaka masikioni, naye maskini akatabasamu, hajui kwa nini. Sikuwa na moyo wa kumwonyesha kwamba siye niliyemtarajia. Nilimwambia karibu, akaingia, nikampa chai, akainywa amesimama na mtungi uko mguuni. Tukatazama meza ikitetemeka. Nimemwambia akipita tena huku abonyeze, hata kama gesi yangu haijaisha.

Lakini abonyeze mara moja. Mbili zina mwenyewe.

Mama yako